Shangazi, klorini na muhogo mchungu

Jirani yangu hapa Hamburg hatii kitu kwenye kikapu kabla hajasoma maandishi madogo mgongoni mwa paketi. Akiona E330 anairudisha. Siku moja nilimwambia hiyo ni asidi ya sitriki, ndio ukali wa ndimu, kwetu Tanga tunaikamulia samaki. Akanijibu kwamba ndimu ni kitu cha asili, ile ni kemikali. Tukaishia hapo.

Likizo iliyopita, nyumbani Makorora, Tanga, nilimkuta shangazi anamwaga ndoo nzima ya maji ya kisima. Alikuwa amegaiwa kichupa cha klorini, katia, halafu moyo ukamkataa. "Yananuka jiki, mwanangu. Hawa wanatutilia nini?"

Wenzangu wengi huku wangesema ni ushamba. Mimi nakataa. Hofu hizi mbili hazilingani. Jirani yangu anaogopa kitu kilichopimwa na kuandikwa jina. Mji wake huu mwaka 1892 ulipoteza watu zaidi ya 8,000 kwa kipindupindu, maana maji ya mto Elbe yalifika majumbani bila kuchujwa. Altona, pua na mdomo na hapa, walichuja ya kwao kwa mchanga, wakasalimika kwa kiasi kikubwa. Leo watu wanakinga bombani na kunywa. Imani hiyo haikuja bure. Kuna wanaopima, na majibu ya vipimo yanatangazwa.

Shangazi nani kamtangazia nini? Kwetu dawa ya wadudu inamiminwa kwenye chupa ya soda, mdomo unafungwa kwa nailoni, haina jina, haina tarehe. Kipimo anakutajia muuzaji kwa mdomo: "vifuniko viwili." Chupa kama hiyo niliikuta uvunguni kwa bibi nikiwa na miaka 7, nikaifungua nikijua ni soda. Harufu ndiyo iliyoniokoa. Aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, akishuku chochote kilichomo chupani, ana haki.

Na asiniambie mtu kwamba shangazi hajui mambo ya sumu. Muhogo mchungu una kitu kinachotoa sianidi, na yeye ameula maisha yake yote. Anaumenya, anauloweka siku kadhaa mpaka ulainike, anauanika juani hadi ukauke kau, ndipo anautwanga unga wa bada. Akiona mtu anafupisha siku za kuloweka, anamfokea kama mwizi.

Basi nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia klorini nayo ni hivyo hivyo: ikizidi inadhuru, ikipungua haiui vijidudu, ikitiwa kwa kipimo na kuachwa nusu saa, maji yananyweka. Harufu kidogo ndiyo dalili kwamba bado inafanya kazi.

Akanyamaza, akikigeuza kichupa mkononi.

"Sasa yule kijana aliyekileta," akasema, "mbona hakukaa akaniambia hivyo?"