Wapuritani walimtafuta na mwanamume

Sisi tunaoishi Massachusetts, Marekani, tukizungumza na watu wa nyumbani Tanzania habari za wanawake kudhalilishwa hadharani, tunaishia palepale: Wazungu wamestaarabika, sisi bado. Mwenye kusema hivyo ajaribu kusoma sheria za zamani za jimbo hili.

Waliozitunga ni Wapuritani, Waprotestanti wakali wa dini kutoka Uingereza walioanzisha koloni hapa. Sheria yao ya uzinzi ya 1694 haikubahatisha kitu. Waliopatikana na hatia, mwanamke na mwanamume, walipandishwa penye mti wa kunyongea wakakalishwa saa nzima, kitanzi shingoni, ncha ya pili ya kamba imerushwa juu ya boriti. Hawakunyongwa, walitazamwa. Njiani kurudi gerezani walichapwa viboko visivyozidi 40, hesabu ya Kumbukumbu la Torati 25. Kuanzia hapo walitakiwa kuvaa herufi A ya kitambaa, urefu inchi mbili, ikiwa imeshonwa kwenye nguo ya juu, upande wa nje wa mkono au mgongoni. Wengi hudhani lazima iwe nyekundu. Sheria ilitaka tu rangi isifanane na ya nguo. Ikiwa mgongoni, mvaaji haioni, lakini kila anayemfuata nyuma anaisoma. Akikutwa hana, viboko hadi 15 vingine.

Na hiyo ilikuwa nafuu. Kabla yake adhabu ilikuwa kifo: mwaka 1644 Boston iliwanyonga Mary Latham, msichana wa miaka 18 aliyeolewa na mzee, pamoja na James Britton. Kule Plymouth, koloni jirani lenye sheria zake, 1639, Mary Mendame alichapwa akiburutwa nyuma ya gari barabarani, akashonewa alama kwenye mkono wa kushoto, na kuambiwa akiivua atachomwa uso kwa chuma cha moto. Mwanamume wake, Tinsin, mwenyeji wa asili wa nchi hii, alichapwa nguzoni akiwa na kamba shingoni.

Aibu ya namna hii haifanyi kazi bila watu. Ndiyo maana huko Boston adhabu nyingi zilipangwa Alhamisi, siku ya mhadhara wa dini, mji umejaa. Ndiyo maana pia wanandoa ambao mtoto wao aliwahi mno baada ya harusi walisimama mbele ya kanisa zima kuungama, la sivyo mtoto hakubatizwa. Mwenye mdomo wa matusi na ugomvi, kwa sheria ya 1672, alizibwa kinywa au kufungwa kwenye kiti na kuzamishwa majini mara tatu.

Mizani yenyewe haikuwa sawa. Uzinzi ulipimwa kwa mke wa mtu. Mume wa mtu akilala na binti asiyeolewa, hilo liliitwa uasherati tu: faini au viboko, hakuna kitanzi. Hata hivyo walimsaka baba. Mkunga alimuuliza mama katikati ya uchungu, mtoto hajatoka bado, baba ni nani. Waliamini saa hiyo mtu hawezi kudanganya. Ni ukatili, sibishi. Lakini kwa sheria ya 1668, mwanamke akishikilia jina lilelile, mtajwa alibeba gharama za mtoto hata akikana.

Palipoharibika ni baadaye. Karne ya 18 ilipoendelea, wanaume walikana na mahakama zikaacha kuwafuata kwa uasherati. Waliobaki kizimbani wengi wao ni wanawake wasioolewa, kwa sababu mimba haifichiki. Dini ilikuwa imelegea, ila lawama zilibaki kwa mmoja.

Hapo ndipo ninapoiona Tanzania yetu. Kwenye karatasi, sheria ya 2016 inampa miaka 30 jela anayempa mimba mwanafunzi. Kwa vitendo, wasichana walipimwa mimba shuleni na kufukuzwa papo hapo, wakati kesi ya mwanamume inaishia sebuleni kwa wazee na mazungumzo ya mahari. Ilibidi tusubiri hadi Novemba 2021 waraka wa serikali uwaruhusu kurudi darasani, ingawa Zanzibar walishafungua mlango huo tangu 2010. Kenya nao, baada ya wanawake kuvuliwa nguo kwenye stendi za matatu mwaka 2014, waliandika kifungo kisichopungua miaka kumi kwa mvuaji. Angalau hapo sheria ilimgeukia anayeaibisha.

Kwenye sharika zetu mfano wa Boston bado unaishi, na wengi hawaushangai. Binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa na Meza ya Bwana, kisha siku ya kurudi kundini anasimama mbele ya usharika kutubu. Utaratibu unamhusu na mwanamume pia. Lakini yeye hana tumbo la kumsema, na akiona mambo magumu anahamia usharika wa mjini, ambako hakuna anayemjua.

Mimi ningefuta kusimamishwa huko kote. Wazee wa kanisa wasiokubali, basi waweke sharti hili: jina la binti lisitangazwe kabla ya mwanamume kuitwa, na akiwa amehama, barua imfuate kwa mchungaji wake mpya.