Glovu ya Allie

Nimemsoma tena Holden Caulfield, msimulizi wa The Catcher in the Rye, riwaya ya J.D. Salinger iliyotoka mwaka 1951. Mara ya kwanza niliisoma nikiwa kidato cha tano hapa Mtwara, nikamchukia. Kijana wa miaka 16, kwao pesa ipo, kafeli masomo manne kati ya matano, kafukuzwa shule, halafu kutwa anawaita watu wanafiki. Nilimwona kadekezwa.

Safari hii nilikwama kwenye glovu. Mdogo wake, Allie, alikufa kwa saratani ya damu akiwa na miaka 11, Holden akiwa na 13. Aliacha glovu ya besiboli aliyoijaza mashairi kwa wino wa kijani, apate cha kusoma mchezo ukipoa. Usiku ule wa msiba Holden alivunja vioo vya gereji kwa ngumi, akalazwa, mazishi yakampita. Anayataja haya mbiombio, kama mtu anayekatiza makaburini usiku, kisha anarudi kwenye malalamiko yake.

Nilifiwa na kaka yangu nikiwa na miaka 14. Majamvi yakatandikwa, ubwabwa ukapikwa, watu wakajaa, na sikatai, matanga yale yalimshika mama asianguke. Mimi nilipoanza kulia, mjomba alinivuta pembeni: "Wewe umeshatoka jandoni, unalialia nini?" Nikanyamaza. Muhula uliofuata nikawa mtoro, nashinda ufukweni Shangani nikitazama maji. Shuleni wakaniita jeuri. Viboko nilivipata vya kutosha. Wa kuniuliza habari za kaka sikumpata.

Ndiyo maana sikubali tena Holden aitwe mlalamishi. Alilie wapi? Anatembea New York peke yake, na kila akishuka kuvuka barabara anamwomba Allie, marehemu, asimwache atoweke. Mtoto huyo anazama!

Sasa mimi ni mwalimu. Wavulana wengi hukosekana msimu wa korosho, na sababu tunaijua. Lakini yuko mmoja wa kidato cha pili, huyu hakosi kwa sababu ya korosho, na ana mdomo mchafu kweli. Juzi nilimwita. Alisema shikamoo huku akitazama fimbo iliyo mezani. Nikamuuliza nyumbani anaishi na nani.

"Nilikuwa na bibi," akasema.

Nikaiondoa fimbo, nikamsogezea kiti. Kipindi kilichofuata hatukuingia darasani, si yeye wala mimi.