Anayekusanya oda dukani hacheleweshwi na miguu

Mauzo ya vyakula mtandaoni yakikua, hoja ileile hurudi: kumlipa mtu azunguke supamaketi na toroli kwa niaba ya mteja aliyekaa nyumbani ni hasara, heri ghala la roboti. Hoja hiyo ina uzito. Supamaketi nyingi zimepangwa ili mnunuzi atembee na aone vingi, na hatua hizo sasa zinalipwa na mwenye duka. Jioni mkusanyaji hupigana vikumbo na wateja.

Lakini ghala linadai oda nyingi kabla halijajilipa. Webvan, kampuni ya Marekani iliyouza vyakula mtandaoni, ilijenga maghala ya mitambo kabla ya wateja kutosha, ikafilisika mwaka 2001. Tesco, kampuni ya supamaketi ya Uingereza, ilianza kuuza mtandaoni miaka ya 1990 kwa kuchukua bidhaa kwenye rafu za maduka iliyokuwa nayo tayari, na huduma hiyo ikadumu.

Kutembea kuna dawa. Toroli likibeba trei za oda sita, mzunguko mmoja unahudumia wateja sita. Programu ikipanga orodha kwa kufuata rafu, hakuna kurudi nyuma.

Rafu tupu ndiyo inayonisumbua. Tuseme kila bidhaa ina nafasi ya asilimia 95 ya kukutwa mahali pake. Inasikika vizuri. Sasa chukua oda ya bidhaa 50 na uzidishe 0.95 kwa yenyewe mara 50: oda zitakazokamilika ni kama 8 tu katika kila 100. Panda hadi asilimia 99, bado oda kama 40 katika 100 zitakosa kitu. Kila pengo lina dakika zake: kutazama rafu mara ya pili, kwenda stoo, kuuliza, kutafuta mbadala ambao mteja anaweza kuukataa mlangoni. Dakika hizo huandikwa kwa jina la mkusanyaji, wakati chanzo ni mzigo uliopokelewa bila kuhesabiwa, bidhaa iliyoharibika isifutwe kwenye kompyuta, au pakiti ambayo mteja ameiacha kwenye rafu nyingine.

Hapo ghala lina ubora wa kweli, maana hakuna mteja anayepita akihamisha vitu, na hesabu yake huaminika zaidi. Ila duka nalo lina mtu anayepita mbele ya rafu hizo siku nzima akiwa na kifaa mkononi. Ndiye wa kwanza kuona kwamba kompyuta inasema 12 na rafu haina hata moja. Mpe ruhusa ya kusahihisha hesabu palepale, na muda huo usimhesabie kama uzembe.

Maduka yanayompima kwa idadi ya bidhaa kwa saa pekee yanamfundisha kinyume. Kuripoti kunamshusha, kwa hiyo anaandika “haipo” kwenye oda tu na kusonga mbele. Nusu saa baadaye mwenzake anasimama mbele ya pengo lilelile, akitafuta kitu ambacho kompyuta bado inaapa kwamba kipo.