Tozo ya Ziwa Wixom: Nani Alipe Maji Yarudi?

Jioni ya tarehe 19 Mei 2020, baada ya mvua kubwa, kipande cha tuta la udongo la Bwawa la Edenville katika jimbo la Michigan, Marekani, kiliporomoka. Ziwa Wixom, lililozuiwa na tuta hilo, likamwagikia lote Mto Tittabawassee, maji yakalifikia Bwawa la Sanford upande wa chini, yakalipita kwa juu, nalo likabomoka. Watu wapatao 10,000 walihamishwa, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Waliokuwa na nyumba kando ya ziwa waliamka kesho yake mbele yao pana tope. Magati ya mbao ya kufungia boti yamesimama juu ya ardhi kavu, na katikati ya tope vimechomoza visiki vya miti iliyokatwa miaka ya 1920, kabla bonde halijajazwa maji. Visima vya baadhi yao vikaanza kukauka.

Leo ugomvi ni wa nani alipe ziwa lirudi. Four Lakes Task Force, chombo kilichokabidhiwa kazi hiyo na kaunti za Midland na Gladwin, kinasema kuyarudisha maziwa manne (Secord, Smallwood, Wixom na Sanford) kunagharimu karibu dola milioni 400. Serikali ya jimbo ilitenga milioni 200 mwaka 2022. Zilizobaki, zaidi kidogo ya milioni 200, zimegawanywa kama tozo maalumu kwa viwanja zaidi ya 8,000 vilivyo kandokando ya maziwa au vyenye haki ya kuyafikia, zilipwe kwa miaka 40. Halmashauri za kaunti zilipitisha mpango huo Februari 2024. Kikundi cha wakazi kilikwenda mahakamani kikashindwa, kikakata rufaa kikashindwa tena.

Mkazi wa Dar es Salaam anayekatwa kodi ya jengo kila anaponunua umeme wa LUKU, au wa Nairobi anayelipa rates za kaunti, asiichanganye kodi hiyo na tozo hii. Kodi ya majengo huingia katika mfuko wa wote. Tozo maalumu hulipia kitu kimoja tu, na sheria za Michigan zinataka iendane na faida ambayo kiwanja chenyewe kinapata. Haitazami thamani ya nyumba iliyojengwa juu yake.

Wanaopinga wana hoja nzito. Ukigawa zile fedha zilizobaki kwa idadi ya viwanja unapata wastani wa kama dola 25,000 kwa kiwanja, kabla ya riba, na bado kuna tozo nyingine ya kila mwaka ya kuendesha mabwawa. Wengi kando ya maziwa haya ni wastaafu, watu waliojinyima wakajenga kijumba cha kwenda kuvua samaki. Wao hawakulimiliki bwawa wala hawakulikagua. Lilikuwa la kampuni, Boyce Hydro, chini ya macho ya serikali, kwanza ya shirikisho kisha ya jimbo. Wanauliza: aliyebomolewa anawezaje kupelekewa bili ya ujenzi? Sioni mtu mwenye moyo atakayelipuuza swali hilo.

Lakini habari hii ikisimuliwa mbali na Michigan huishia hapo hapo, kwamba waathirika wanatozwa kwa kosa la mwingine, na wanaoitetea tozo huonekana watu wasio na huruma. Nadhani hawajasikilizwa vya kutosha.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Wixom ni mto uliozuiwa na tuta lililojengwa ili kuzalisha umeme. Kwa zaidi ya miaka 90 wenye viwanja walifaidi maji ambayo utunzaji wake ulitegemea mauzo ya umeme ya mtu mwingine, na biashara hiyo ilikuwa ndogo mno kwa mzigo wa mabwawa manne makuukuu. Tume ya shirikisho inayosimamia nishati ilidai kwa miaka mingi kwamba milango ya kutolea maji pale Edenville iongezwe, kwa kuwa haikuweza kupitisha mafuriko makubwa. Haikuongezwa. Mwaka 2018 tume ikaifuta leseni ya bwawa hilo ya kuzalisha umeme, na fedha za umeme za Edenville, chache kama zilivyokuwa, zikakatika.

Katika sakata lote hili kinachonikaa rohoni ni kwamba tozo haikuzaliwa na maafa. Mwaka 2019 mahakama ilikuwa imekwisha kuweka kimo halali cha maji ya maziwa hayo, hatua ambayo kwa sheria ya Michigan hufungua njia ya wenye viwanja kuchangishwa. Kabla mwaka haujageuka, makubaliano ya Four Lakes kuyanunua mabwawa kutoka kwa Boyce kwa dola zaidi kidogo ya milioni 9 yalikuwa tayari. Milioni 9! Kungekuwa na ukarabati wa kulipia pia, lakini wa mabwawa yaliyosimama na maziwa yaliyojaa. Majirani walikuwa mbioni kuchukua jukumu ambalo hakuna aliyelibeba tangu miaka ya 1920, na mvua ya Mei ikawatangulia. Wachunguzi huru walieleza baadaye kuwa maji yalipanda kuliko wakati wowote katika historia ya bwawa, na mchanga uliolegea ndani ya tuta, uliowekwa hivyo tangu ujenzi, ukapoteza nguvu ghafla. Walisema pia kuwa kuporomoka huko kungeweza kuzuiwa. Kila nikirudi kwenye tarehe hizo najiuliza ingekuwaje kama tozo ndogo ingeanza mwaka 2000, au hata 2010.

Mahakamani mvutano ulikuwa juu ya faida: kiwanja kinafaidika kikilinganishwa na lini? Ukipima kuanzia tarehe 18 Mei 2020, mwenye kiwanja hafaidiki chochote, anarudishiwa alichokuwa nacho. Ukipima kuanzia leo, penye nyasi na miti michanga palipokuwa maji, thamani inapanda sana. Kwa uchungu wa binadamu, kipimo cha kwanza ndicho cha kweli, nami nakielewa. Ila hakina pa kupeleka bili. Boyce iliomba ulinzi wa kufilisika miezi michache tu baada ya maafa. Wakazi wameishtaki serikali ya jimbo, na wakishinda ni haki yao, lakini fidia ya mahakama haina tarehe, na tuta halijengwi kwa fedha inayosubiri hukumu. Kuwaachia walipa kodi wa Michigan nzima mzigo wote, pamoja na mpangaji wa Detroit asiyewahi kuliona ziwa hilo, nako si haki. Jimbo limekwisha kubeba karibu nusu.

Tena anayelipa anapata sauti. Boyce walipokuwa na bwawa, jirani hakuwa na mahali pa kuuliza ripoti ya ukaguzi inasemaje. Sasa mabwawa ni ya umma, na makadirio ya gharama hufikishwa mbele ya kikao cha wazi.

Kinachonisumbua ni mgawanyo. Kwa kuwa nyumba haihesabiwi, kijumba cha vyumba viwili kinaweza kubebeshwa sawa na jumba la ghorofa lililo jirani yake. Michigan ina sheria tangu mwaka 1976 inayomruhusu mtu wa miaka 65 na zaidi kuahirisha tozo maalumu. Jimbo humlipia na kushikilia deni juu ya kiwanja mpaka kiuzwe au kirithiwe. Ni mlango mzuri, lakini una kikomo cha kipato, na mjane ambaye pensheni yake inakizidi kidogo hubaki nje akiwa na bili yake mkononi. Kaunti na bunge la jimbo wangekipandisha kikomo hicho kwa maziwa haya manne, nusu ya hasira iliyopelekwa mahakamani ingekuwa na jibu.