Mama mdogo, rubani wangu hana njaa

Nilipomwambia mama mdogo wa Uyole kwamba anayenifundisha kurusha ndege huku Arizona ni rubani wa ndege za abiria, na kwamba ananifundisha siku zake za ofu kwa malipo ya saa, alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza kwa huruma kabisa: "Kwani mwanangu, mshahara wake haumtoshi?"

Sikumshangaa. Kwetu Mbeya mwalimu akionekana anauza vifaranga, majirani hushusha sauti. Mtu aliyevaa sare yenye mistari mabegani, leo anakaa kwenye kindege cha injini moja na mwanafunzi anayetokwa jasho? Lazima kuna jambo.

Wapo kweli waliofundisha kwa shida. Marubani wachanga wa mashirika madogo ya Marekani walilipwa kidogo mno kwa miaka mingi. Baada ya ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo, iliyoua watu 50, mishahara yao na uchovu wao vilijadiliwa hadharani. Tangu 2013 hata rubani msaidizi wa ndege ya abiria anatakiwa awe na saa 1,500 angani, isipokuwa wachache kama waliotoka jeshini au kwenye vyuo fulani. Leseni ya kurusha ndege kwa malipo unaweza kuipata ukiwa na saa 250. Pengo hilo vijana wengi hulijaza kwa kufundisha, ndiyo maana unaweza kumkuta mkufunzi mdogo kuliko mwanafunzi wake.

Wangu ameshayapita hayo. Alinieleza mwenyewe kuwa kwenye ndege kubwa anakaa saa nyingi akisimamia kompyuta, na mikono inaanza kusahau. Akishika Cessna 172, ndege ambayo muundo wake ni wa miaka ya 1950, upepo wa pembeni unamkumbusha kazi. Pesa anaipenda pia, asinidanganye mtu. Ana boti, na boti inakula kuliko mtoto wa bweni.

Sasa nije nyumbani. Nimesoma Mbeya na jamaa mmoja ambaye leo ni rubani, makazi yake Dar. Akipata siku nne za mapumziko anapanda kwenda Rungwe kwenye parachichi zake. Nilimuuliza kwa nini hafundishi vijana. Alicheka mpaka akakohoa: "Nifundishie wapi, kaka? Juu ya mparachichi?"

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa ughaibuni wanaopenda kusema kwamba wataalamu wa Tanzania hawapendi kurithisha ujuzi. Mtu hafundishi kuogelea pasipo na maji. Nikiwa uwanja wa ndege wa Deer Valley, kaskazini mwa Phoenix hapa Arizona, naona ndege ndogo zimepangwa kama bajaji pale Mwanjelwa. Kijana anakodi kwa saa, analipia mafuta na mwalimu, anarudi nyumbani kula. Nyingi za ndege hizo za mafunzo zinatumia petroli maalumu, si mafuta yale ya jeti, na petroli hiyo Afrika ni adimu na ghali. Kuleta mapipa yake mpaka nyanda za juu ni hesabu nyingine. Halafu kuna huo mwinuko wenyewe wa kwetu. Uwanja wa ndege wa Songwe, wa kwetu Mbeya, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini ndogo inapoteza nguvu, mabawa nayo yanataka mwendo zaidi ndipo ndege inyanyuke. Ongeza jua la mchana, mwanafunzi ataona njia inaisha kabla ndege haijaamua. Inawezekana kufundishia huko, tena wangetoka marubani hodari, ila ni kwa gharama.

Ndiyo maana kipato cha pili cha mtaalamu wetu huishia ardhini: mbao Mafinga, mpunga Kyela, parachichi Rungwe. Sisemi vibaya. Parachichi za jamaa yangu zimesomesha wapwa watatu, ilhali boti ya mkufunzi wangu haijamsomesha mtu. Ila kila ofu anayokwenda shamba, ujuzi aliosomea kwa mamilioni unabaki kichwani mwake peke yake. Mwenzake wa huku akiongeza kipato, anaacha rubani mpya nyuma yake.

Kuhusu uchovu, mama mdogo alikuwa na hoja. Hapa rubani wa abiria hatakiwi kuzidi saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, wala saa 1,000 kwa mwaka, na mkufunzi haruhusiwi kufundisha angani zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Lakini kusema "leo sijalala vizuri, siruki" kunabaki kwa mtu mwenyewe. Wangu ameniahirishia mara mbili kwa sababu hiyo. Ya kwanza nilikasirika, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini.

Juzi jamaa wa Rungwe aliniuliza Cessna 172 iliyotumika inauzwaje huku. Nikamtumia bei za tatu nilizoziona zikiuzwa. Alikaa siku nzima bila kujibu, kisha ukaingia ujumbe saa tano za usiku kwao: "Kaka, hizo ni ekari ngapi za parachichi?" Bado tunapiga hesabu.