Ndevu za Columbus na historia ya Marekani kwenye stempu

Tazama stempu mbili za Marekani za mwaka 1893, ya senti 1 na ya senti 2. Kwenye ya senti 1 Columbus, baharia aliyefika Amerika mwaka 1492, bado yuko merikebuni, ndiyo kwanza anaiona nchi kavu, na kidevu chake kimenyolewa kikang'aa. Kwenye ya senti 2 keshashuka ufukweni, ana ndevu zimemjaa. Baina ya matukio hayo mawili haikupita hata siku nzima. Wakusanyaji wa stempu wamelicheka jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia. Sababu yenyewe ni nyepesi: kila stempu ilinakiliwa kutoka mchoro wa msanii tofauti, na kila msanii alikuwa na Columbus wake.

Hapo ndipo penye ubishi. Wako wanaosema kwamba albamu ya stempu za kumbukumbu, yaani zinazotolewa kuadhimisha tukio au mtu, ni mlango mzuri wa kuingilia historia ya Marekani, hasa kwa kijana anayekimbia vitabu vinene. Wengine hawataki hata kusikia: stempu ni mdomo wa serikali, inajisifu kisha inakuuzia sifa hizo.

Hawa wa pili hawajakosea. Mfululizo ule wa 1893, wa kwanza wa kumbukumbu nchini humo, ulitolewa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Chicago, na aliyeusimamia ni John Wanamaker, Waziri wa Posta, ambaye kwa kazi yake ya asili alikuwa mwenye duka kubwa huko Philadelphia. Alitoa stempu 16, kuanzia senti 1 hadi dola 5. Seti kamili iligharimu dola 16.34, pesa ambazo kibarua wa wakati huo hakuzipata kwa wiki nzima, na barua ya kawaida ilikwenda kwa senti 2 tu. Sasa ya dola 5 abandike nani? Muuza duka alijua anachokifanya.

Ukweli wa picha nao una walakini. Mwaka 1898 ilitoka stempu ya dola 1 yenye ng'ombe wakipambana na dhoruba, kuisifu Marekani ya Magharibi. Wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa stempu nzuri kuliko zote za nchi hiyo, nami siwapingi. Ila ng'ombe wale ni wa Uskoti. Picha ilitokana na kazi ya mchoraji wa Kiskoti, John MacWhirter.

Basi tuzitupe? Hapana. Kosa la wanaozibeza ni kuishia kwenye picha. Stempu ya 1893 ni shahidi dhaifu wa mwaka 1492, lakini ukiiuliza habari za 1893 itakueleza mengi. Mwaka wa kutolewa ndio wa kuukazia macho.

Mwaka 1937 ilitoka stempu ya senti 4 katika mfululizo wa kuliheshimu jeshi la Marekani. Juu yake wapo Robert E. Lee na Stonewall Jackson, majenerali wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga kwa ajili ya kulinda utumwa. Yaani wamo kwenye sifa za jeshi lile lile walilopigana nalo! Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri aliyezaliwa mtumwa Virginia, alingoja hadi Aprili 1940 ndipo akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye stempu. Miaka mitatu nyuma ya Lee. Hakuna aliyekusudia kuuandika mpangilio huo, na ndiyo maana nauamini.

Au ziweke hizi mbili ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ni ya senti 3, Oktoba 1940, kuadhimisha Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliyofuta utumwa. Inaonyesha sanamu iliyoko jijini Washington: Lincoln amesimama, mtumwa yuko miguuni pake, goti chini. Sanamu hiyo ilijengwa kwa michango ya watu walioachwa huru, ila namna ya kuichonga waliamua wengine. Ya pili ni ya senti 5, Agosti 1963, miaka mia ya Tangazo la Ukombozi, ambalo Rais Lincoln alitangaza kwalo uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi. Ina mnyororo mweusi juu ya rangi ya buluu, pingili moja imekatika. Lincoln hayumo, wala aliyepiga goti hayumo. Aliyeibuni ni Georg Olden, Mmarekani Mweusi wa kwanza kubuni stempu ya nchi yake. Siku 12 baadaye umati ulijaa Washington kumsikiliza Martin Luther King. Jambo ni lile lile, utumwa kufutwa. Miaka 23 katikati imemwondoa mtu chini.

Hata makosa yana faida. Mwaka 1994 posta ilitaka kumuenzi Bill Pickett, mchunga ng'ombe Mweusi aliyesifika kwa kuangusha dume kwa kuling'ata mdomo. Picha ikawa ya ndugu yake, Ben. Familia ikalalamika, stempu zikachapwa upya.

Penye udhaifu wa kweli, kwangu mimi, ni pale ambapo kitu hakikuchapwa kabisa. Kwa mwaka 1995 iliandaliwa stempu yenye wingu la bomu la atomiki, na maneno ya kwamba mabomu hayo yaliharakisha mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Japani ikapinga, ikulu ya Clinton ikaingilia, posta ikaiondoa. Mahali pake akawekwa Rais Truman akitangaza kwamba vita vimekwisha. Ukifungua albamu leo utamkuta yeye, na hapana alama yoyote kwamba nafasi ile ilikuwa ya wingu.