Sikuwa Naloga, Nilikuwa Naandaa Kikaango

Kwa wale ambao jamaa yangu wa bodaboda ameshawapitia kijiweni: sikuwa naloga. Nisikilizeni na mimi, halafu mcheke vizuri.

Jumamosi nilinunua kikaango cha mtumba pale sokoni Mwanga, vile vya chuma, vyeusi, vizito, vilivyomiminwa kipande kimoja na mpini wake. Shilingi 18,000, nikaange migebuka kama watu. Na nilikichagua kitaalamu jamani! Nilikigonga kikalia ngiii kama kengele, maana chenye ufa hulia kama debe. Kutu nikaisugua kwa stilwaya mpaka kucha zikaisha. Ikabaki kazi ya kukipaka mafuta kidogo, ukayafuta kama vile hutaki yabaki, kisha ukakichoma mpaka yagande yawe ngozi nyeusi. Rudia mara kadhaa, hata yai halishiki.

Mafuta niliyokuwa nayo ni mawese. Na mkono wangu mnaujua, hauna kipimo.

Sasa twende polepole, hapa ndipo heshima yangu ilipozikwa. Saa mbili usiku, umeme hakuna. Niko chumbani na jiko la mkaa (najua, dada yangu ameshanitukana vya kutosha), mlango nimeurudishia ili wapangaji wasione dume zima linabembeleza kikaango. Shati nimevua kwa joto. Kiunoni kanga nyekundu ya huyo huyo dada. Mikono imelowa mawese hadi viwikoni. Kikaango kimelala kifudifudi motoni, moshi mzito unatokea dirishani moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba. Mimi nimechuchumaa, nahesabu kwa sauti nisisahau: "Hii ya tatu… hii ya tatu…"

Mlango ukasukumwa.

Mama mwenye nyumba, ndoo mkononi, nyuma yake wapangaji wote wanamulika kwa simu. Akanitazama mimi. Akatazama kanga. Akatazama mikono. Akatazama kile kitu cheusi kinachofuka. Nikafungua mdomo nijieleze, na neno lililotoka, Mungu shahidi, ni hili:

"Bado mbili, mama."

Ndoo nzima ikamwagwa. Chuma cha namna ile kikiwa cha moto kikikutana na maji baridi, upande mmoja hunywea kabla ya mwenzake, nacho hakijui kupinda. PAAA! Vipande viwili. Watu wakalala chini, majivu yakatua juu yao. Kimya. Kisha sauti ya mama mwenye nyumba, anahema:

"Alhamdulillahi. Kimekufa."

Mengine ya kawaida tu: kikao, mjumbe, nimeonyesha video kwenye simu, nimesamehewa nusu.

Ila leo asubuhi nimekutana bombani na yule mzee wa chumba cha tatu, ana wajukuu wanne. Kaweka ndoo chini, kavua kofia, kaniamkia shikamoo.